Mapazia ya Nyumbani: Kupima, Kuchagua Kitambaa na Kukata Bila Kupoteza

Pazia likikataa kupendeza, ni nadra rangi kuwa ndiyo yenye kosa. Kosa huwa kwenye kipimo. Limekomea shubiri nzima juu ya sakafu, au likifungwa linanyooka bapa bila mkunjo hata mmoja, au ukilifungua linabaki limeziba robo ya kioo na chumba kinashinda gizani mchana kutwa. Kitambaa chenyewe huenda ni kizuri na kimegharimu fedha nyingi. Ndiyo maana hapa nitakaa zaidi kwenye kupima kuliko kwenye maua na rangi, na katika kupima kuna kanuni moja ninayoishika kuliko zote: pazia hupimwa kwenye fimbo, si kwenye dirisha. Dirisha linakuonyesha fimbo iwekwe wapi. Fimbo ikishakaa ukutani, ndiyo inayotoa vipimo vya pazia.

Kabla ya yote tafuta futi ya chuma, penseli, karatasi, ngazi iliyotulia na mtu wa kukushikia upande wa pili. Futi laini ya cherehani inafaa kupimia nguo. Ukiivuta mita mbili hewani hulegea katikati na kukupa namba ya uongo. Andika kila kitu kwa sentimita tangu mwanzo hadi mwisho. Maduka mengi ya vitambaa hutaja upana wa jora kwa inchi, basi zidisha kwa 2.54: jora la inchi 54 ni sentimita 137, la inchi 60 ni 152, la inchi 110 ni karibu 280.

Hatua ya kwanza: jua pazia linakwenda kufanya kazi gani

Simama ndani ya chumba asubuhi, kisha jioni, uangalie jua linaingilia wapi. Toka nje usiku taa za ndani zikiwa zimewashwa uone mpita njia anaona nini. Jambo hili la usiku huwashangaza wengi. Pazia jepesi la neti mchana hukuficha vizuri kwa sababu nje kuna mwanga mwingi kuliko ndani. Usiku mwanga ukihamia ndani, mambo yanageuka na kila kitu kinaonekana. Chumba cha kulala na sebule inayotazama njia vinahitaji tabaka mbili: neti karibu na kioo, na pazia zito mbele yake.

Angalia pia dirisha linafungukia upande gani. Likifungukia ndani, mabawa yake lazima yapite chini ya fimbo na pazia liweze kusogea pembeni kabisa, la sivyo kila ukifungua dirisha utakuwa unakibana kitambaa. Angalia kilicho chini ya dirisha. Kochi lililoegemezwa ukutani au kichwa cha kitanda humaanisha pazia refu litajikunja nyuma yake na kukusanya vumbi. Jikoni, pazia lolote lililo karibu na moto liwe fupi na lisifikiwe na upepo unaoweza kulipeperushia kwenye jiko. Kama dirisha liko juu ya jiko lenyewe, ni bora lisiwe na pazia la kitambaa kabisa. Na penye watoto wadogo, usiache kamba za kuvutia zikining'inia wanapoweza kuzifikia. Kamba ya namna hiyo inaweza kumnyonga mtoto. Zifunge juu kabisa au uchague mtindo usio na kamba.

Hatua ya pili: weka fimbo kwanza

Fimbo (au bomba, au reli ya juu ya dari, vyovyote ulivyochagua) ifungwe ukutani kabla hujaenda dukani kununua kitambaa. Kama fundi wa kutoboa ukuta hajapatikana, angalau weka alama za penseli mahali vishikio vitakapokaa, na usizibadilishe tena.

Kwa kimo, panda sentimita 10 hadi 15 juu ya fremu ya dirisha. Nafasi hiyo huziba mwanga unaopenya juu na hulipa dirisha urefu ambao halina. Chumba chenye dari fupi hufaidika zaidi ukiipandisha fimbo hadi katikati ya fremu na dari, au hata karibu na dari: jicho hufuata mistari ya mikunjo kutoka juu hadi chini na kuta zinaonekana ndefu.

Kwa upana, ongeza sentimita 15 hadi 25 kila upande wa fremu. Hapa ndipo pazia linapoegeshwa likifunguliwa. Likiwa zito na lina bitana (kitambaa cha pili kinachoshonwa nyuma yake), linahitaji nafasi kubwa zaidi ya kujikusanya, kwa hiyo nenda kwenye 25 au hata 30. Dirisha la sentimita 150 likiongezwa 20 kushoto na 20 kulia linahitaji fimbo ya 190. Vile vichwa vya urembo kwenye ncha za fimbo havihesabiwi. Dirisha likiwa limebanwa na ukuta upande mmoja, usihangaike kutafuta usawa usiokuwepo: refusha fimbo upande ulio wazi na utundike pazia moja linalovutwa kwenda huko.

Fimbo inayozidi sentimita 150 inahitaji kishikio cha katikati, la sivyo itapinda kwa uzito. Jambo moja la kukumbuka: pazia lenye matundu ya ringi za chuma haliwezi kupita kishikio cha katikati, kwa hiyo linafaa tu kama una mapazia mawili, moja kila upande. Mtu anayetaka pazia moja lipite dirisha zima achague reli.

Umbali kutoka ukutani ni muhimu pia. Acha sentimita 8 hadi 10 ili kitambaa kisisugue kitasa, nondo za ndani au kizingiti kilichochomoza. Kwa tabaka mbili tafuta vishikio vya fimbo mbili, ya ndani ikibeba neti.

Tumia pimamaji kuinyoosha fimbo. Ila kuna hali moja ambayo pimamaji hutoa ukweli usiopendeza: fimbo ikiwa imekaribia sana dari, na dari yenyewe imeinama, jicho hulinganisha fimbo na dari na kuona fimbo ndiyo iliyopinda. Hapo ni bora kuishusha fimbo kidogo kutoka kwenye dari ili tofauti isionekane, badala ya kuifunga ikiwa imeinama.

Hatua ya tatu: kipimo cha upana, na mara ngapi

Pima fimbo kutoka ncha hadi ncha bila vichwa vya urembo. Kama unatumia reli yenye mapazia mawili yanayopishana katikati, ongeza sentimita 10 za kupishana. Ukitaka kitambaa kijikunje pembeni hadi kiguse ukuta, kuziba ule mwanya wa mwanga, ongeza kwenye namba hiyo ule umbali wa fimbo kutoka ukutani, kila upande.

Namba uliyopata haijawa bado upana wa kitambaa. Pazia huishi kwa mikunjo yake, na mikunjo inataka kitambaa cha ziada. Kwa kitambaa cha kawaida zidisha upana wa fimbo mara 2. Mahameli na vitambaa vingine vinene vinatosheka na mara 1.5 hadi 2, kwa kuwa vyenyewe vina mwili. Neti nyepesi inataka mara 2.5 hadi 3. Kichwa cha pazia nacho kina matakwa yake: matundu ya ringi yanapendeza kwa mara 1.5 hadi 2, mkanda wa kuvuta marinda unataka 2 hadi 2.5, na marinda ya kushonwa mafungumafungu nayo 2 hadi 2.5.

Nitasema wazi upande wangu. Fedha ikiwa haitoshi, punguza ubora wa kitambaa, usipunguze wingi wake. Pamba nyepesi isiyo na ua, ikiwa imejaa mara mbili na nusu, huvalisha chumba vizuri kuliko kitambaa cha kifahari kilichobanwa kikatoshea dirisha kwa shida.

Wanaonunua mapazia yaliyoshonwa tayari ndio huumia zaidi hapa. Paketi inaweza kuandikwa upana wa 140, na mnunuzi akaona mawili ni 280, yanatosha dirisha la 150 na kusaza. Lakini fimbo yake ni 190, na 280 kwa 190 hata haifiki mara moja na nusu. Anahitaji matatu au manne. Soma pia kama kipimo kwenye paketi ni cha pazia moja au cha jozi.

Hatua ya nne: urefu, kutoka wapi hadi wapi

Mahali pa kuanzia kupima hutegemea pazia linavyoshikwa. Kwa pazia la matundu ya ringi, anza juu ya fimbo, kisha ongeza sentimita 3 au 4 za kitambaa kinachopanda juu ya matundu. Kwa pete zinazozunguka fimbo, anza kwenye kijicho kidogo chini ya pete ambamo kulabu huingia. Kwa reli, anza juu ya reli ikiwa unataka pazia liifiche, au chini yake ikiwa imo ndani ya dari.

Mwisho wake una chaguo chache. Pazia la kuishia kwenye kizingiti liache sentimita 1 juu yake. La kupita kizingiti lishuke sentimita 10 hadi 15 chini yake. La sakafuni liache sentimita 1, na hii ndiyo ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi: linaonekana limegusa, lakini ufagio unapita na pindo halichafuki. Kulaza kitambaa sakafuni ni mtindo mzuri kwa chumba kisichopitwa sana. Penye mtoto anayetambaa, au penye kupigwa deki kila siku, uache. Urefu mmoja tu sioni mahali pake: ule unaokomea katikati ya kizingiti na sakafu, ukaonekana umekatwa na kitambaa kilichopungua.

Pima mara tatu: kushoto, katikati na kulia. Sakafu nyingi hazijalala sawa. Zikitofautiana kwa sentimita 1 au 2, tumia namba ndogo kwa pazia zima ili lisikokote upande mmoja. Zikizidi hapo, mwambie fundi akunje pindo kufuata sakafu baada ya pazia kutundikwa. Na kila dirisha lipimwe peke yake, hata kama yako manne ukutani na yanaonekana pacha.

Hatua ya tano: kitambaa

Pamba hukubali rangi vizuri, hukunjika vizuri na hufuliwa kirahisi, ila hurudi, yaani hufupika ikifuliwa. Kitani kina mwanguko mzuri wa asili, lakini hujikunja ovyo, na hubadilika urefu kidogo hewa inapokuwa na unyevunyevu. Poliesta haihitaji pasi nyingi, hairudi sana na huvumilia jua kuliko nyuzi nyingi za asili. Kwa dirisha linalochomwa na jua la mchana ni chaguo la busara, peke yake au ikichanganywa na pamba. Hariri ni nzuri mno na ni dhaifu mno mbele ya jua: nyuzi zake hukauka, zikachanika zenyewe baada ya muda. Ukiitaka, iwekee bitana.

Kuhusu bitana, wengi huiona gharama ya bure, mimi naiona kinga. Bitana nyeupe au ya rangi ya maziwa hupokea jua badala ya kitambaa cha mbele, hivyo rangi hudumu. Huongeza uzito, pazia likaanguka vizuri, na dirisha linaonekana sawa ukiwa nje hata kama kila chumba kina rangi yake. Kwa anayelala mchana au mwenye mtoto mchanga ipo bitana nzito ya kuzuia mwanga. Kumbuka tu kwamba mwanga mwingi hupenya juu na pembeni, si katikati ya kitambaa, kwa hiyo bila fimbo pana bitana hiyo inafanya nusu ya kazi.

Dukani, usikitazame kitambaa kikiwa kimelala mezani. Omba kishikwe kining'inie, kikusanye kwa mkono juu kama kitakavyokusanyika kwenye fimbo, uone kinaangukaje. Kiinue mbele ya mwanga wa mlangoni: rangi ya pazia mchana ni ile inayopitiwa na mwanga, na mara nyingi ni nyepesi kuliko uliyoiona mezani. Kibane kiganjani kwa sekunde chache ukiachie. Kikibaki na makunyanzi, ndivyo kitakavyokuwa nyumbani. Kabla ya kununua jora zima, nunua kipande kidogo ukakitundike kwenye dirisha lenyewe siku moja au mbili, ukione mchana na chini ya taa.

Rangi nakuachia mwenyewe, ila nina neno moja. Rangi kali na nzito hupauka haraka juani kuliko zilizopoa, na mpauko huonekana kwanza kwenye ukingo unaokaa karibu na kioo.

Hatua ya sita: hesabu ya kitambaa

Tuchukue ile fimbo ya sentimita 190 na pazia ambalo likikamilika liwe na urefu wa 230, mapazia mawili, kitambaa cha upana wa 140.

Upana: 190 mara 2 ni 380. Ongeza pindo za pembeni, sentimita 5 kwa kila ukingo. Kingo ni nne, basi 20. Jumla 400. Gawa kwa 140 unapata 2.86, na kwa kuwa kitambaa hakinunuliwi kwa vipande visivyokamilika, ni vipande 3. Kila pazia litapata kipande kimoja na nusu. Nusu ishonwe upande wa ukutani, si upande wa katikati ya dirisha, ili mshono usionekane.

Urefu: 230, ongeza 10 za juu na 20 za pindo la chini, yaani sentimita 10 zilizokunjwa mara mbili. Kila kipande ni 260. Mara 3 ni 780, yaani mita 7.8. Nunua 8.

Kitambaa chenye maua makubwa kinabadilisha hesabu hii, na hapa fedha nyingi hupotea bila mtu kujua. Pima umbali kutoka ua moja hadi ua hilohilo linapojirudia kwenda chini. Tuseme ni sentimita 64. Kila kipande lazima kikatwe kwa idadi kamili ya marudio ili maua yalingane kwenye mishono na kati ya pazia na pazia. 260 gawa kwa 64 ni 4.06, kwa hiyo unalazimika kuchukua marudio 5, yaani 320. Vipande vitatu ni mita 9.6. Lakini ukipunguza pindo la chini kutoka 20 hadi 16, kila kipande kinakuwa 256, marudio 4 kamili, na jumla inashuka hadi mita 7.68. Sentimita 4 za pindo zimeokoa karibu mita mbili za kitambaa. Fanya hesabu hii kabla ya kumwambia muuzaji akate.

Kitambaa cha upana wa 280 kinarahisisha mambo kwa sababu unaweza kukilaza: upana wake ndio unakuwa urefu wa pazia. Pazia letu, ambalo pamoja na pindo zake ni 260, linaingia ndani ya 280, kwa hiyo unanunua mita 4 tu na ziada kidogo, bila mshono wa kati. Hakikisha lakini kwamba ua litabaki limesimama ukishakilaza.

Vitambaa vya pamba na kitani vinaweza kurudi asilimia 3 hadi 5 kwenye ufuaji wa kwanza. Kwa urefu wa 230 hiyo ni karibu sentimita 7 hadi 11.5, tosha kuharibu kazi yote. Kifue kabla ya kukata, kwa namna ileile utakayokifua baadaye, na ununue ziada inayolingana. Vitambaa vya madirisha yote ya chumba kimoja vinunuliwe siku moja na kutoka jora moja. Majora mawili ya rangi moja yanaweza kutofautiana, na tofauti utaiona yakishakuwa ukutani.

Hatua ya saba: kwa fundi

Mpelekee fundi karatasi, usimtajie kwa mdomo. Andika urefu wa pazia likiwa limekamilika, upana wa kila pazia kabla ya marinda, aina ya kichwa, kina cha pindo, bitana ipo au haipo, na kichoro kidogo kinachoonyesha ua linaelekea wapi. Neno "limekamilika" liandikwe wazi, kwani fundi akidhani ni kipimo cha kukatia, pindo zitatoka ndani yake na pazia litapungua sentimita 30.

Mahameli na vitambaa vyenye manyoya vikatwe vipande vyote vikielekea upande mmoja, kwa sababu kimoja kikigeuzwa kitaonekana cha rangi nyingine. Kwa matundu ya ringi, idadi iwe shufwa (inayogawanyika kwa mbili) ili kingo zote mbili zigeukie ukutani, yaachane karibu sentimita 15, na tundu liizidi fimbo kwa sentimita 1 hivi: fimbo ya milimita 28 inafaa tundu la milimita 40.

Pindo la chini mwombe alipige bandi tu kwanza, yaani alishone kwa muda.

Hatua ya nane: kutundika

Piga pasi pazia kabla ya kulipandisha, kisha litundike na uliache siku tatu au nne. Kitambaa kizito, na kitani hasa, hujivuta chini kwa uzito wake. Likishatulia, rudi na futi yako, pima kutoka sakafuni kila baada ya nusu mita, weka pini, ndipo pindo lishonwe moja kwa moja. Pazia jepesi linalopeperuka sana liwekewe vizito vidogo ndani ya pembe za pindo.

Baada ya hapo lisukume lote pembeni, panga mikunjo kwa mkono kutoka juu hadi chini ili ifanane kwa upana, na uifunge kwa vitambaa laini sehemu tatu: karibu na juu, katikati na chini. Usikaze hadi kuacha alama. Yaache siku mbili au tatu yakiwa yamefungwa hivyo, na yakifunguliwa yatarudi kwenye mikunjo hiyo kila unapoyavuta. Vipande vilivyobaki vihifadhi pamoja na ile karatasi ya vipimo. Kitambaa cha jora lilelile ndicho kinachofaa kuziba mahali palipoungua au kuchanika.